Matundu Sita ya Gari la Mwalimu

Pale karakana walimwita Rula, kwa sababu hakuamini kitu ambacho hakijapimwa. Miaka ishirini na miwili amefanya kazi kwa baba yake, amefufua injini ambazo wenyewe walishazikatia tamaa, na bado mteja akiingia humpita kama anapita kabati, kisha anauliza, "Fundi yuko wapi?"

Fundi, kwa hesabu ya wateja, ni baba yake, ambaye siku hizi mikono inamtetemeka, au mdogo wake wa kiume, mwenye maneno matamu na haraka ya ajabu. Rula alishazoea. Uongo huo, hakuwa amezoea. Alikuwa anameza tu.

Ndipo akaja mwalimu mkuu mstaafu na gari lake la zamani, rangi ya maziwa, analitunza kuliko meno yake. Injini ilitaka kufumuliwa yote. Gari za aina ile zilitoka kiwandani na pampu ndogo ya kupuliza hewa kwenye njia ya moshi, ili moshi usitoke mchafu sana. Pampu ya Mwalimu ilikufa zamani, mabomba yake yakaoza, na baba mtu akaamua ving'olewe vyote. Yakabaki matundu sita ubavuni mwa hedi, kile kichwa cha injini kinachobeba vali, na yakiachwa wazi injini hutema moto chini ya boneti. Kazi ya kuyaziba akapewa Rula.

Akachukua waya mwembamba, akapima kina cha kila tundu. Hayakulingana. Akakereza vizibo sita vya chuma, kila kimoja kwa tundu lake, akavigonga nukta: moja kwa tundu la kwanza, mbili kwa la pili, mpaka sita. Kizibo kikiwa kifupi mno, moto unakitema. Kikiwa kirefu, ncha inatokeza ndani, pale vali inapocheza. Siku mbili nzima alikuwa na tupa mkononi.

Alikuwa anakaza cha sita Mwalimu alipoingia. Hakumsalimu. Alizungumza na baba yake Rula kana kwamba Rula hayupo.

"Kumbe anayefunga ni huyu?"

"Ni binti yangu, Mwalimu."

"Sina ubaya naye. Ila injini yangu naomba aifunge mwanamume."

Hapo baba angesema neno. Neno moja tu, jamani, lisingemtoa jino. Badala yake akasema mteja ni mteja, akamwita mdogo mtu. Naye, palepale, akavitoa vizibo vya dada yake na kuweka boliti ndefu karibu mara mbili.

"Pima kwanza," Rula akamwambia.

"Dada, kirefu ndicho kinachoshika. Hilo nalo linahitaji rula?"

Mwalimu akacheka. Rula akanawa mikono, akaenda zake nyumbani mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Wiki iliyofuata injini iliwashwa, ikagonga, ikazima. Walipoifungua, vali mbili zilikuwa zimepinda kwa kugonga ncha za boliti. Mwalimu hakuuliza boliti ni za nani.

"Niliwaambia," akasema. "Mwanamke ameshagusa."

Mdogo mtu akaangalia viatu vyake. Baba akaangalia dari. Rula akangoja mmoja wao afungue mdomo. Hakuna aliyefungua.

Siku vali mpya zilipokwisha kufungwa, Mwalimu alikuja kusimamia uzibaji kwa macho yake mwenyewe. Mzee akamvuta binti yake nyuma ya mashine ya kukerezea.

"Mwanangu, yaishe. Rudishia vizibo vyako asubuhi hii, mimi nitamwita Mwalimu nje kwa chai. Akirudi atamkuta mdogo wako na spana. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Miaka ishirini na miwili nafunika, Baba. Huyo mwanaharamu hamalizi kupita?" Hakupunguza sauti. "Kama kwa mdomo wako si mimi ninayefunga, basi na kwa mkono wangu sifungi."

Mdogo mtu ghafla mgongo ukamuuma. Ikabidi mzee ainame mwenyewe na kizibo cha nukta moja. Mkono ukatetemeka, kizibo kikaingia upande, kikaanguka. Akakiokota, kikaanguka tena. Rula alisimama akimtazama, na roho ilimuuma, lakini hakusogea. Kilipoanguka mara ya tatu mzee alikiokota, akajifuta jasho.

"Mwalimu," akasema, "vizibo hivi alivipima binti yangu, na vilikuwa sawasawa. Niliacha vitolewe kwa maneno yako, nikaruhusu boliti. Vali zako nimezipinda mimi. Fundi wa hapa ni huyu."

Mwalimu alikohoa, akamwangalia Rula kwa mara ya kwanza tangu alete gari. Rula hakufurahi. Maneno yenyewe machache hivyo, na yamengoja chuma kipinde ndipo yatoke! Akachukua kizibo mkononi mwa baba yake, akainama kwenye tundu la kwanza, akamwambia Mwalimu asogee, anamzuilia mwanga.