Dawa ya Mugisho Haigawanywi

Mume wangu Mugisho alitoka vilima vya Walungu, akaja Salamabila kutafuta dhahabu, akanipata mimi. Dhahabu bado anaitafuta. Ana mkono wazi kupita kiasi; shati lake la harusi alizikwa nalo mtu mwingine. Katika shimo wanalochimba, anayefika na chakula lazima akivunje agawane na wenzake. Anayetafuna peke yake, wanasema, anafukuza dhahabu. Mugisho alileta sheria hiyo mpaka nyumbani, na mara nyingi nimepika sombe, majani ya muhogo, nikabaki kulamba mwiko.

Alipoanza kukonda na tumbo kuvimba upande wa kushoto, tulisema ni bandama ya malaria. Faradji, mwenzake wa shimoni, alikuwa na uvimbe uleule, mahali palepale. Mugisho tulimnywesha mizizi, tukamchanja chale, akazidi kuisha. Mwishowe nilimpakia kwenye pikipiki hadi Kasongo. Huko tulimkuta Daktari Emilienne, mtoto wa wakulima wa hapohapo, akifanya utafiti wa kansa ya damu. Alitaka kujua kama vidonge vinavyoituliza kwenye hospitali kubwa vitamfaa pia mtu anayeishi mbali kama sisi, na kupimwa mara mojamoja tu.

Damu ya Mugisho ilipelekwa mji mkubwa, jibu likarudi kwamba ni kansa hiyo. Nililia sana. Daktari akanituliza, akasema ni ya aina inayokwenda polepole, na kidonge kimoja kila siku kinaweza kuishika. Akamwingiza katika utafiti wake.

Lakini kila tuliporudi Kasongo, chembe nyeupe za damu zilikuwa bado nyingi mno. Daktari aliuliza kama anameza kila siku. Mugisho alisema ndiyo, nami nikamuunga mkono, kwa sababu kila asubuhi nilimwona akienda shimoni na kidonge chake, akimeze huko pamoja na chakula.

Safari iliyofuata Faradji alitusindikiza. Daktari alisoma majibu, akaweka kalamu chini.

“Papa Mugisho, hii dawa imeshindwa na damu yako. Nitaisimamisha. Ingine ya nguvu zaidi, hapa kwetu haiko.”

Niliona giza. Faradji, aliyekaa karibu na mlango, akauliza kwa upole:

“Dokta, sasa mimi nitakunywa nini?”

Daktari akamwuliza yeye anaingiaje katika habari hii.

“Ile kidonge tunakulaka wote wawili. Yeye anavunja, ananipatia nusu. Bandama yetu iko moja.”

Nilitamani kumpiga mume wangu kwa benchi. Mtu anakufa, na uhai wake anaugawa kama muhogo. Mwenyewe hakuwa hata na aibu; akaniambia:

“Mama Cadette, mutu atakula namna gani peke yake, mwenzake iko anamuangalia?”

Nilidhani daktari atatufukuza, maana utafiti wake ulikuwa umeharibika. Badala yake alicheka huku akifuta machozi. Dawa haikushindwa, haikupewa nafasi. Alisema kumeza nusu ni kama kupalilia nusu ya shamba, akamrudishia Mugisho vidonge vyake. Kisha akampima Faradji. Yake ilikuwa bandama ya malaria kweli, akapewa dawa yake, nami nikamshika mkono kabla hajaivunja.

Nyumbani Mugisho alianza kumeza kidonge kizima mbele yangu. Kilimkwama kooni. Alisema anajisikia mwizi. Nikamwambia heri mwizi aliye hai, lakini haikusaidia, mpaka nilipomweleza Faradji. Tangu hapo Faradji hupita kwetu kila asubuhi kabla ya kwenda shimoni. Ninawapa muhogo na maji. Mugisho anameza kidonge, Faradji anameza muhogo, wanainuka pamoja. Nilikuwa nimemkasirikia sana Faradji. Sasa akichelewa, mimi ndiye ninayechungulia njiani.

Juzi tulirudi Kasongo sote watatu. Chembe zilikuwa zimeshuka, karibu na za mtu mwenye afya. Nilipiga kigelegele. Daktari hakutuficha: dawa hii Mugisho ataimeza muda wote atakaoishi.

Siku hizo dhahabu mpya ilikuwa imesikika Lusangi, mbali na kwetu, na wachimbaji wenzao walikuwa wamekwisha kuhama. Faradji mwenyewe alikuwa amefunga mizigo. Alimtazama Mugisho, akamtazama daktari.

“Basi,” akasema, “Lusangi sitaenda.”