Chujio la Mama na Maji ya Kisima

Ulimi wa mama yangu haudanganyiki. Ukimpikia mchuzi, atakwambia nazi ilikunwa jana. Ukimpa chai, atakwambia sufuria hiyo iliwahi kuchemshiwa dagaa. Kwenye maji ndiyo usiseme: mtungi wake lazima ufukizwe ubani kabla ya kutiwa maji, na akienda kwa watu wasiofukiza, hurudi nyumbani na kiu yake yote.

Taabu ni kwamba nyumba yake iko Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, na inategemea kisima cha uani. Bahari iko karibu mno, na maji yana chumvi. Bomba lipo, ila hutoka linapojisikia. Tumbo likawa haliishi kumsumbua, presha ikapanda, na daktari akamkataza maji yale. Mimi nikasema ahamie kwangu Amani, ambako bomba linatoa maji matamu.

"N'hame nyumba niliyokuzalia, kwa ajili ya maji?" akaniuliza. "Huko kwenu n'takaa nazungumza na nani, na friji?"

Tuligombana mpaka jirani wa chini akatupandishia maandazi ya suluhu. Mwishowe tukapatana: nitanunua chujio. Maji yakitoka matamu, anabaki. Yakitoka na chumvi, anafunga mizigo. Mwamuzi ni ulimi wake, kwa kuwa wangu, alisema, umeshaharibiwa na soda.

Muuzaji aliniapia kwamba chujio lile linatoa kila kitu. Ningekuwa na akili ningemuuliza chumvi kwa jina lake. Nikabeba ndoo zangu mbili za kupandana hadi kwa mama, ile ya juu ina mche mnene wa udongo mweupe ambao maji hupenya humo na kudondoka chini. Nilipogeuka tu, mama akawa ameshazifunika zote mbili juu ya chetezo cha ubani, moshi umetanda chumba kizima.

"Mama, hicho ni chombo cha kitaalamu," nikamwambia kwa hasira.

"Na uchafu wa dukani nao ni wa kitaalamu?"

Tukatia maji ya kisima, yaliyokuwa na vumbi la mchanga, tukakaa kusubiri matone. Yalitoka maangavu. Niliona mpaka alama ya kiwanda chini ya gilasi. Mama akapiga bismillahi, akanywa, akayazungusha mdomoni. Akatazama kitanda chake, kisha dirisha analotumia kuzungumza na nusu ya mtaa.

"Matamu," akasema.

Nami nikanywa. Nusura niteme. Chumvi ilikuwa palepale, sasa imefukizwa. Baadaye nilikuja kujua kwamba udongo ule hukamata mchanga na vijidudu vingi, lakini chumvi iliyoyeyuka hupita bila hata kupiga hodi.

Nikamtazama mwanamke aliyewahi kurudisha biriani ya harusi kwa sababu ya iliki. Alikuwa anaangalia chini, anakunja ncha ya kanga yake. Hasira zikaniishia, nikamwonea huruma. Maisha yake yote hakujisifu kwa kitu ila ulimi ule, na leo ameusemesha uongo ili asitoke nyumbani kwake.

"Matamu kweli, mama," nikasema.

Tangu hapo kila Ijumaa, yeye akiwa kwenye sala ya alasiri, mimi hupanda ngazi kimyakimya na galoni la maji ya Amani, nikamwaga ya kisima na kutia yangu. Mama akalisifia chujio mtaa mzima. Majirani wakaja na vikombe vyao kuonja, wakarudi na majagi. Nikalazimika kununua galoni kubwa zaidi, nami mgongo huu si wa ujana.

Ijumaa iliyopita nilifika juu nahema, jasho linanitoka. Mama alikuwa bado juu ya msala, amenipa mgongo, anavuta tasbihi. Akamaliza, akaukunja msala, wala hakugeuka.

"Galoni hilo kubwa mno, mwanangu," akasema. "Lete dogo, uwe unakuja mara mbili."