Siku Nilipomfanya Mama Yangu Bubu

Nyinyi mnanijua kwa maneno mengi, tena mnalalamika kwamba nikishika bia moja siachi mtu mwingine aongee, lakini hili sijawahi kulileta mezani, kwa sababu kila nikijaribu uso unawaka na miguu inataka kunipeleka nje. Leo nitalisema. Msiniangalie sana, angalieni sahani zenu. Nilimwambia mwanamke wa kizungu, kwa Kifaransa kizuri chenye viambishi vyake vyote, kwamba mama yangu mzazi ni bubu.

Mama yangu! Mtu wa maporomoko, amezaliwa pale ambapo mto unapiga kelele usiku na mchana, ambapo mwanamke akitaka chumvi kwa jirani lazima apige ukelele uvuke maji, na hata alipohamia kwangu Tshopo, mtaa mkavu kabisa wa Kisangani, aliendelea kuongea vilevile. Akisema "habari ya asubuhi" barabara nzima iliitikia. Filomena, mke wangu, alikuwa anasema hatuhitaji saa nyumbani, maana mama akianza kusali ni saa kumi na mbili.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Mimi karani wa posta, suruali ya mkunjo, kalamu mbili mfukoni (moja ilikuwa haiandiki, ya pambo tu), na binti yetu Angelique alikuwa na miaka sita. Mjini, upande wa wazungu, kulikuwa na shule ya kulipia ya masoeri, wale watawa wa kike, na mwaka ule wakatangaza kwamba watapokea watoto weusi wachache, watatu, labda wanne. Bon. Lakini hawakumpima mtoto peke yake. Walikuja nyumbani, wakaangalia kitanda, wakaangalia choo, wakahesabu uma na visu, na zaidi ya yote walisikiliza, kwa sababu sharti lilikuwa familia iongee Kifaransa nyumbani.

Basi Tshopo tukaingia wazimu. Karani mmoja mstaafu alifungua shule ya Kifaransa sebuleni kwake, jioni, na sisi wazazi tukawa tunakaa pale magoti yamegonga kidevu kwenye vigoda, tunakariri vitenzi kwa sauti moja, na mimi, kwa ujinga wangu, nikirudi nyumbani nilikataza kabisa Kiswahili mbele ya mtoto. Mama akimwambia Angelique "kuya kula," mimi nilisahihisha. Mama akawa anakwenda kula jikoni na kumwita mtoto kwa mkono. Niliona, nikasema ni kwa muda tu.

Siku ya ukaguzi nilipanga vizuri. Viti vinne tuliazima, kitambaa cha meza tuliazima, na mama nilimwambia aende kwa mdogo wake kule maporomoko akashinde huko. Akachukua kapu lake, akaenda. Masoeri mkuu alikuja, mtawa mrefu asiyecheka, pamoja na Madame mmoja, mke wa daktari, aliyekuwa kwenye kamati ya shule. Walikunywa kahawa. Angelique alijibu kila swali kama redio. Filomena alikosea kitenzi kimoja tu. Nilikuwa nimeshaanza kuvimba kwa furaha pale niliposikia hatua za mama uani.

Alikuwa amerudi na kapu la samaki kichwani, wabichi, maji yanamchuruzika mabegani, kwa sababu kwa akili yake wageni kufika nyumbani na mama wa nyumba asiwepo, wala samaki asiwepo, hiyo ilikuwa aibu kuliko wizi. Akasimama mlangoni, akatabasamu, akavuta pumzi. Mimi niliijua ile pumzi. Nikaruka kutoka kwenye kiti cha watu, nikamshika mkono, nikasema kwa Kifaransa, "Mama yangu. Masikini, ni bubu. Hasikii, hasemi." Kisha nikamnong'oneza, "Mama, nyamaza."

Akafunga mdomo. Madame aliinuka, macho yamejaa maji, akamshika mama mikono yote miwili na harufu yote ile ya samaki, akamwambia masoeri kwamba hii ndiyo familia, wanamtunza mzee wao kiwete wa ulimi, hii ndiyo familia ya kweli. Angelique alikuwa amekaa na chupa ya limonadi, ananitazama mimi, halafu koko wake (ndivyo alivyomwita bibi), halafu mimi tena. Wiki iliyofuata barua ikaja: mtoto amepokelewa.

Hapo ndipo ningeweza kukomea. Sijui, ningesema amesafiri, amehamia Barumbu, kitu chochote. Lakini Madame hakuwa mtu wa kusahau. Mpishi wake alikaa barabara ya pili kutoka kwetu, tena Madame mwenyewe alipenda kupita na gari kuleta sabuni na blanketi kwa "mama bubu". Alors, ilibidi nimkalishe mama chini.

"Mi nikisema, batamufukuza mutoto?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

Akafikiri. Alikuwa anamenya ndizi, kisu hakikusimama.

"Basi nitanyamaza. Lakini siku ya kuanza kusema tena, ni weye utaniambia."

Nikasema sawa. Nilicheka hata, nikijua hatamaliza siku mbili. Jamani, miezi mitano! Aliacha kuuza samaki sokoni, kwa sababu utauzaje bila kuita watu. Kanisani, alikokuwa anaanzisha nyimbo, alisimama mdomo umefungwa, na wanawake wenzake wakafikiri ana kiburi kwa sababu mjukuu wake anasoma na wazungu. Watoto wa mtaa walimtupia maganda wamwone atafanya nini. Daktari, mume wa Madame, akamwita hospitali kumpima bure, akapiga kengele nyuma ya kichwa chake, mara tatu, na mama hakugeuza hata shingo. Daktari akaniambia kwa huzuni kwamba hakuna la kufanya. Tulipofika nyumbani, mlango umefungwa, mama akaninong'oneza, "Ile kengele iko na sauti muzuri. Nilitaka kugeuka."

Nilipaswa kusikia hapo. Sikusikia, nilikuwa na haraka ya kumkagua Angelique daftari lake.

Sasa ngojeni mwisho wa muhula. Masoeri wakaandaa matembezi ya wanafunzi na wazazi, na mahali walipochagua, kati ya Kisangani yote, ni maporomoko, wazungu wapate kuona wavuvi wetu na mitego yao. Madame akasisitiza mama bubu aje, atamshika mkono yeye mwenyewe. Kwa hiyo tulishuka pale, wazazi kama arobaini, makofia, miavuli ya jua, kamera, na mama yangu katikati yao, kwenye mawe aliyozaliwa, mkono wake umeshikwa na Madame, amenyamaza. Wavuvi waliokuwa karibu walimpungia. Akapunga bila kusema. Mimi nilikuwa natazama pembeni nikitoa jasho.

Mnaijua ile mitambo ya miti: magogo yamesimikwa kwenye maji makali, mengine yamefungwa juu kwa kamba za porini, na mitego mikubwa ya matete inaning'inia kwenye mkondo. Watoto wa kwetu hutembea juu ya magogo yale peku toka wana miaka minne. Angelique pia alikuwa ameshafundishwa na koko wake. Lakini siku ile alikuwa na viatu vya shule, vya soli laini, na kofia ya majani yenye utepe wa shule, na masoeri walikuwa wamewaambia watakaopoteza kofia wataadhibiwa. Upepo ukaichukua kofia, ikanasa kwenye kamba, magogo matatu kutoka ukingoni. Tulipokuja kugeuka mtoto alishafika gogo la pili.

Masoeri mkuu aliita. Sauti yake haikufika popote, maji yaliimeza. Niliita mimi. Nilipiga kelele mpaka koo likauma, lakini miaka kumi ya posta ilikuwa imenipa sauti ya kunong'onea wakubwa, na mtoto hakugeuka. Wavuvi walikuwa kwenye mtumbwi, mbali kidogo, wametupa mgongo. Nami sikuweza kukimbilia magogo yale, ningeyatikisa aanguke.

Nikamwangalia mama.

Yeye alikuwa ameshaniangalia zamani. Mkono mmoja umeshikwa na Madame, wa pili amejiziba mdomo, na macho yake yako kwangu, hayako kwa mtoto, kwangu, yanangoja. Nilielewa pale pale anangoja nini. Na mimi, ndugu zangu, mimi mwenye kalamu mbili, nilimwangalia Madame. Nikamwangalia masoeri. Niliona dawati la mtoto, niliona barua, niliona uso wa mkubwa wangu wa posta siku atakaposikia. Sijui ilikuwa muda gani. Si mrefu. Wakati huo kiatu cha Angelique kikateleza, mguu ukazama katikati ya magogo mawili, mwili ukaenda upande mwingine.

"Mama, mwite!" nikasema. "Sema!"

Akafungua mdomo. Miezi mitano ilitoka pale. "Kaa! Shika muti! Shika na mikono mbili, hapana simama!" Niliona wazungu wakirudi nyuma. Wavuvi wote waligeuka kwa mara moja. Na Angelique, aliyekuwa anateleza kuelekea majini, akakumbatia gogo, akabaki hapo mpaka mtumbwi ukafika, na mama hakuacha kumwita, anamwambia shika, shika, nakuona, shika.

Madame alitoa mkono wake kwenye mkono wa mama, taratibu, akaupangusa kwenye gauni. Mjomba mmoja akapaza sauti toka mtumbwini, anacheka kwa kuwa mtoto yuko mzima, "Eh, Mama Polo! Tulisikia banakukata ulimi huko Tshopo!" (Polo ni mimi.) Wazazi weusi wachache waliokuwepo walielewa, wakainamisha vichwa. Wazungu hawakuelewa. Masoeri akanigeukia, amepauka, akaniuliza kwa Kifaransa: anasema?

Hapo shetani mwenyewe angenionea huruma, angeninyamazisha. Nikajibu, "Ni muujiza, ma soeur."

Na aliamini! Alifanya ishara ya msalaba, na akina mama wawili wa kizungu wakapiga magoti kwenye mawe, na mmoja aliyekuwa na kamera akampiga mama picha. Wakiwa bado wamepiga magoti, mjomba akapita kambeba Angelique, mguu unaning'inia vibaya, mtoto analia. Masoeri akamshika kichwa, akamwambia Mungu amempa bibi yake sauti kwa ajili yake. Na binti yangu, kwa kile Kifaransa safi walichomfundisha wenyewe, bila kosa hata moja, akasema, "Hapana, ma soeur. Koko anasema siku zote. Papa ndiye alimkataza."

Sitawaeleza jinsi wale waliopiga magoti walivyosimama. Filomena alikwenda moja kwa moja kwenye gari bila kunitazama. Mimi nilibaki pale nimeshika kofia ya shule, mtu mmoja alikuwa ameiokota akanipa mkononi, nikasema "merci", nikaivaa! Kichwani kwangu! Sijui kwa nini. Nilishtukia barabarani.

Nafasi ya shule ilikwisha siku ile ile. Posta walijua kesho yake, na kwa muda mrefu nikipita dirishani wenzangu walijiziba midomo kwa vidole. Hayo yalipita. Mguu wa Angelique haukunyooka tena, mnamwona mnapokutana naye, ndio huo.

Jioni ile, kwenye benchi la hospitali, mama aliniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Polo, nilikuwa nakuangalia. Ulikuwa unangoja nini?"

"Sikukuona, mama."

"Uliniona," akasema. Hakuuliza tena. Asubuhi alifunga vitu vyake akarudi maporomoko, na huko alisema na watu wote kama zamani, hata na mimi nilipokwenda kumsalimia alisema vizuri, alinipa chakula, aliniuliza habari za kazi.

Sasa liko jambo moja ambalo Filomena hakulijua mpaka anakufa. Angelique alipokuwa msichana mkubwa, siku moja tulikuwa uani kwa mama tunakula, na mgeni akamuuliza habari ya mguu. Akaeleza, bila ubaya, kama mtu anayeeleza mvua. Akasema, "Ni koko alichelewa kuniita." Nilikuwa na tonge mkononi. Mama alinigeukia, akaniangalia, macho yale yale, akangoja. Mimi nikatia tonge mdomoni. Ndipo akamgeukia mjukuu wake.

"Ndiyo, mama yangu," akasema. "Nilichelewa. Unisamehe."

Angelique akamsamehe. Tulimzika mama miaka mitatu baadaye, na mtoto wangu mpaka leo anawasimulia watoto wake kwamba koko alimpenda sana lakini aliogopa wazungu, akachelewa. Jumapili anakuja kula kwangu. Nimeapa nitamwambia kabla hajanawa mikono, na nimewaambia nyinyi kwanza, ili mniulize Jumatatu, mbele ya watu, kama nimesema.