Duara la Nyuma ya Tangi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Wajir nikiwa nimekaa juu ya magunia ya mchele, nyuma ya pikapu, na vumbi lilikuwa limenipaka uso hata bawabu wa shule akaniuliza kama nimeleta unga. Nilikuwa mwalimu mpya wa biolojia, mtoto wa Garissa mjini, niliyedhani najua joto. Mwalimu Mkuu wa shule ile alikuwa mzee mrefu wa bara ambaye haongei mpaka awe na kikombe cha chai mkononi. Alikitafuta kikombe, akakipata, ndipo akanikabidhi boksi la chaki.

"Chaki ndiyo hiyo, na maji yako kule kisimani," akasema. "Ukiishiwa na kimoja, niambie. Ukiishiwa na vyote viwili, nenda kalale usubiri, kama sisi."

Nilidhani ananitania. Kabla ya muhula kwisha nilikuwa nimelala na kusubiri mara nyingi, na nikagundua kwamba kusubiri nako ni kazi, nako kuna ufundi wake.

Vijana mnaoingia darasani leo na simu mfukoni, nawaeleza jinsi tulivyofanya. Kabla ya muhula, mwalimu aliandika maazimio ya kazi, yaani mpango wa mada zote na wiki zake. Kabla ya kipindi aliandika andalio la somo, ambalo ni hatua kwa hatua atakavyofundisha. Mambo mazuri sana kwenye karatasi. Kisha mvua inanyesha upande wa pili, familia zinahama na mifugo, na nusu ya darasa inaondoka pamoja na maazimio yako. Nilipohamishiwa Ijara, Naibu wa Mwalimu Mkuu aliingia kunikagua akakuta nafundisha watoto wachache waliobaki kama kwamba darasa limejaa. Nilitarajia anikaripie. Aliketi dawati la nyuma, akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mwalimu, endelea hivyo hivyo. Wakirudi watauliza wenzao, na wenzao lazima wawe na cha kuwaambia." Maneno yale nimeyabeba kuliko cheti chochote.

Siku hizi alasiri najilaza mkekani hapa Garissa, feni ikizunguka polepole, na shule zote nilizofundisha huchanganyika. Dirisha la Ijara huwa kwenye ukuta wa Wajir, kengele ya huku humwita mtoto wa kule. Sijui kama nimelala au niko macho. Lakini sauti moja haichanganyiki na nyingine yoyote, nayo ni ya wavulana watano wa kidato cha tatu wakisoma kwa zamu, katika shule yangu ya mwisho.

Shule hiyo ilikuwa kwenye kituo kidogo upande wa Wajir, na jina lake naliacha kwa heshima. Mwalimu Mkuu wangu wa mwisho alikuwa kijana ambaye ningeweza kumzaa, viatu vyake vinang'aa hata siku ya upepo. Alileta kanuni yake mwenyewe: mwanafunzi wa kidato cha tatu asiyefikisha wastani uliowekwa, yaani alama za masomo yote zikijumlishwa na kugawanywa, hapandi kidato cha nne. Anarudia mwaka.

"Mtoto si shati," nilimwambia ofisini. "Huwezi kumrudisha dukani kwa sababu hajakukaa vizuri."

"Madam, mimi naulizwa matokeo," akajibu, wala hakuwa na ubaya moyoni. "Wewe unastaafu mwisho wa mwaka. Mimi nitabaki hapa nikiulizwa."

Alisema kweli, na kweli ya mkubwa wako hukera zaidi kuliko uongo wake.

Wavulana watano walikuwa mkiani kabisa. Siku ya tangazo lile nilimkuta mmoja wao, Sahal, amesimama nje ya maabara, mkono juu ya kitasa, haingii wala haondoki. Alikuwa mwembamba, mwenye aibu, na wa mwisho kunyoosha mkono.

"Kuna nini, Sahal?"

"Madam, baba amesema mwaka ni mwaka. Nikirudia, narudi kwa ngamia. Dahir ndio ataenda Garissa."

Dahir ni kaka yake mkubwa. Nyumba yao ilikuwa na vijana wawili tu, na ngamia hawachungwi na upepo, kwa hiyo mmoja alisoma na mwingine akachunga. Dahir alikuwa ameacha shule mapema ili mdogo wake aendelee. Mjomba wao mwenye duka la nguo Garissa alikuwa akimtaka Dahir kwa muda mrefu aje ajifunze biashara, naye Dahir alitamani mji ule kama mtu anavyotamani maji ya baridi. Baba alikuwa ameamua: Sahal akipanda darasa, Dahir abaki malishoni. Sahal akirudia, wabadilishane. Hapakuwa na ukatili wowote katika uamuzi huo, na ndiyo maana sikuwa na mtu wa kumgombeza.

"Na wewe wataka nini?" nikamuuliza.

"Nataka kusoma, madam. Wallahi nataka. Kichwa ndio haitaki."

Wiki ile ile wale watano walianza kukutana baada ya swala ya alasiri, nyuma ya tangi la maji, kwenye kivuli chake kirefu. Walisoma kwa mtindo waliotoka nao madrasa, ambao Wasomali huuita subaa: watu huketi duara, wa kwanza anasoma aya moja, wa pili inayofuata, na wa tatu inayofuata, sauti ikizunguka bila kukatika. Vijana hawa walikuwa wamehifadhi juzuu nyingi kwa njia hiyo. Bishar, mcheshi wao na kiongozi, ndiye aliyesema, "Kama kichwa imebeba Kurani, itashindwaje kubeba figo?"

Nami nilikuwa nikipita na kikombe changu cha chai nasikia figo, ini, mizizi na majani vikizunguka kwa lahani ile ya madrasa. Walisoma kwa Kiingereza, lugha ya mtihani. Hapa nawapa kwa Kiswahili. Bishar angeanza, "Damu isiyo na oksijeni huingia atiria ya kulia." Wa pili, "Hushuka ventrikali ya kulia." Wa tatu, "Husukumwa kwenda mapafuni." Kisha Sahal kwa sauti yake ya chini, "Mapafuni huacha kaboni dioksidi, huchukua oksijeni." Wa tano akairudisha upande wa kushoto, na Bishar akaipokea. Jua lilikuwa likishuka, mbuzi wakirudi, na mimi nilisimama pale nikiwa nimesahau nilikokuwa nakwenda. Niliwapenda sana alasiri zile. Nilipenda hata harufu ya kutu ya lile tangi.

Kisha kiangazi kikakaza. Dahir alikuwa akimzuia ngamia dume kisimani, akarushwa chini, akavunjika mkono. Kuteka maji kunataka mikono miwili yenye nguvu, na ngamia wakikosa maji hakuna cha shule wala cha duka. Sahal akaitwa. Aliondoka nyuma ya pikipiki na kitabu changu cha biolojia ndani ya shati, na mtihani ulikuwa umekaribia.

Alasiri iliyofuata nilipita nyuma ya tangi. Walikuwa wameketi vilevile, na mahali pa Sahal pako wazi. Bishar akaanza, wa pili akafuata, wa tatu akaisukuma damu mapafuni. Kisha kimya. Walisubiri kidogo, kwa adabu, muda ambao Sahal angeutumia, halafu wa tano akaendelea upande wa kushoto wa moyo.

"Hebu ngojeni," nikasema. "Damu imeingia mapafuni ikapotelea huko. Imefanya nini?"

"Hiyo ni ya Sahal, madam," wa tano akajibu.

"Najua ni ya Sahal. Yeye husemaje?"

Wakatazamana. Hakuna aliyejua. Nikamgeukia Bishar nikamwambia anisomee peke yake tangu mwanzo. Alisema sentensi yake, akafungua mdomo kwa inayofuata, na haikuja. Nikamjaribu mwenzake, ikawa vilevile. Kila siku walikaa mahali pale pale, Bishar akaanza yeye daima, na kila mmoja akapata sentensi zile zile. Kila kijana alikuwa na kipande chake, amekihifadhi kama Fatiha, na wote pamoja walikuwa na kitabu kizima. Kwenye mtihani hawaingii pamoja.

Nilicheka mpaka nikashika tangi. Bishar naye akaanza kucheka, kisha akaacha, maana alielewa.

"Madrasa mlianza na duara?" nikawauliza.

"La, madam," akasema polepole, p yake mara nyingine ikigeuka b kama kwa Wasomali wengi. "Kwanza kila mtu na ubao wake. Maalim anakusikiliza beke yako. Ukishika, ndio unaingia subaa."

"Basi hapa mmeingia nyumba kwa paa."

Tangu siku hiyo kila mmoja alisoma mada nzima peke yake asubuhi, akanisomea, ndipo akaruhusiwa kwenye duara. Na kwenye duara walihama: aliyekaa leo hapa, kesho anasogea pale, na kila siku anaanza mwingine. Siku za kwanza ilikuwa vurugu tupu. Walikwama, wakazozana, damu ikapanda kichwani kabla ya kupita mapafuni. Kidogo kidogo sauti ikaanza tena kuzunguka.

Lakini Sahal alikuwa na sehemu moja tu kati ya tano ya kila kitu, na alikuwa kisimani. Bishar ndiye aliyefikiria simu. Wakawa wanarekodi duara lao kwenye WhatsApp na kumtumia, mada baada ya mada. Siku iliyofuata, alasiri, sauti yake ilirudi, amesoma yote mwanzo hadi mwisho peke yake. Nyuma ya sauti yake ulisikia ndoo ikigonga ukuta wa kisima na watu wakiimba wimbo wa kunywesha ngamia. Mara nyingine alikuwa akivuta kamba huku anasoma, na sentensi zikakatika mahali alipoishiwa na pumzi. Tulimsikiliza sote tumeinama juu ya simu moja, nami nilimsahihisha kwa sauti, kana kwamba yuko mbele yangu. Sijawahi kufundisha darasa zuri kama lile, na nusu yake haikuwapo.

Alirudi siku moja kabla ya mtihani, baba akiwa ameshika kamba badala yake, mweusi kwa jua, viganja vimechubuka. Kalamu aliishika kama kitu cha moto. Nilikuwa msimamizi chumbani, na sikuthubutu kumtazama.

Matokeo yalibandikwa wiki yangu ya mwisho kazini. Sikumwachia mtu mwingine kazi ya kusahihisha biolojia, lakini wastani hutoka masomo yote, kwa hiyo hata mimi sikujua. Watano wote walifikisha. Bishar alipiga kelele mpaka Mwalimu Mkuu akatoka ofisini, akatazama ubao, akamtazama Bishar, kisha akanipa mkono. Sahal alisoma jina lake mara kadhaa. Hakucheka. Aliniomba simu.

"Aboowe," alisema, na hilo ndilo wanalomwita kaka mkubwa. "Nimebita."

Nilimsikia Dahir akisema Alhamdulillahi, akairudia. Simu ikakatika.

"Mtandao ni mbaya huko," nikasema, ili niseme kitu.

"Kisimani haukuwi kabisa, madam. Lazima uende mbali, upande juu ya kichuguu. Leo yuko huko anangoja matokeo." Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Mimi sikuweza kuacha maji. Dahir ndio alikuwa anabeleka simu. Kila siku, na mkono yake imefungwa. Anangoja sauti zenu ziingie, ananiletea, na yangu anarudisha."

Nililia pale pale, mbele ya ubao wa matokeo, na wanafunzi wakadhani nalia kwa kustaafu.

Watu huniuliza ni nini ninachokikosa sasa. Sikosi kengele, wala mikutano ya walimu, wala karatasi za kukaguliwa. Nakosa kuwa karibu na mtu wakati anaelewa jambo. Kwa walimu vijana nasema tu: msikilizeni mtoto mmoja mmoja kabla ya kuwasifu wote pamoja. Mengine mtajifunza kwa kusubiri.

Siku niliyoondoka, gari lilipita karibu na visima vile, nikamwomba dereva asimame. Nilimjua Dahir kwa bandeji, iliyokuwa imegeuka rangi ya mchanga. Alikuja akitembea taratibu, akanisalimu akiwa ameinamisha macho, kwa sababu nilikuwa mwalimu, tena wa umri wa mama yake.

"Dahir," nikamwambia, "ungeacha kuibeba ile simu, leo ungekuwa Garissa."

"Najua, madam."

"Basi kwa nini?"

Nyuma yake ngamia walikuwa wamejipanga kwenye hori, na mmoja alikuwa akilalamika.

"Nilikuwa nasikiliza njiani," akasema. "Kwenda na kurudi, nasikiliza. Siku ya kwanza alikuwa anajua kidogo tu. Halafu kila siku anajua zaidi. Sasa, madam, mtu anaachaje hapo?"

Kisha akaniomba radhi, akarudi kisimani, maana ngamia walikuwa hawajamaliza kunywa.