Koti la Mwalimu Mkuu

Jumanne, tarehe tisa Machi. Mawingu yalitanda tangu alfajiri na upepo ukavuma kwa vipindi, lakini mvua haikunyesha.

Siku hiyo dobi wa nyuma ya stendi alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani. Rubani, mteja wake wa miaka mingi, alikuwa akipeleka dawa mji wa pili, na kiti kimoja kilikuwa wazi. "Twende ukamwone mjukuu wako," alimwambia. Dobi hakuwa na nguo ya kupandia ndege, akafanya kile ambacho madobi wote hufanya na kukana: alivaa ya mteja. Lilikuwa koti jeusi la Mwalimu Mkuu, lenye beji ya shule kifuani.

Ndege ilianguka kwenye shamba la maharage. Rubani alivunjika taya. Dobi alivunjika mkono wa kushoto, na kichwa chake kikagonga kitu asichokijua hadi leo.

Alipozinduka wodini hakukumbuka yeye ni nani, na nesi alikuwa amemwinamia akisoma ile beji.

"Pole, Mwalimu. Unafundisha somo gani?"

Alilitafuta somo kichwani, hakuliona. "Labda hesabu."

"Labda? Basi wanafunzi wako wana kazi."

Akalala akijilazimisha kuwa mwalimu, ikagoma. Kilichomuuma kuliko mkono ni kwamba kulikuwa na mtu mahali fulani akimngoja, naye hakujua ni nani wala ni wapi. Rubani, kitanda cha pili, taya limefungwa bandeji, alimtikisia kidole na kuonyesha koti. Dobi akadhani anaaga, naye akampungia mkono.

Hata hivyo akalivuta lile koti lililotundikwa kitandani, akapapasa ndani ya ukosi. Vidole vikakuta uzi wa buluu, mishono miwili.

"Nesi, uzi huu nimeushona mimi."

"Kumbe wewe ni fundi cherehani?"

"Sidhani. Niliushona ili nguo isipotee. Si yangu hii." Akafikiri. "Sasa mimi ni wa nani?"



Jioni akaingia mama mmoja, macho mekundu, kamba za kiatu kimoja zikiburuta. Hospitali ilikuwa imepiga simu shuleni, na shule ikampigia yeye, mke wa Mwalimu Mkuu. Alisimama miguuni pa kitanda.

"Huyu si mume wangu. Koti ndilo lake." Akasogea. "Dobi? Jana si uliniambia halijakauka?"

Neno hilo likamrudishia vyote kwa mpigo: pasi, kamba, beseni, mkewe mlangoni.

"Shikamoo, mama. Lilikuwa bado kidogo tu, kwenye mifuko."

Mama yule akakaa chini, akalia na kucheka pamoja. Mumewe alikuwa semina, simu amezima, na tangu mchana yeye alishajiona mjane. Alipopata pumzi akamkabidhi dobi simu yake. Namba ya kwanza akapokea mtu asiyemjua. Ya pili ikawa yenyewe.

"Mke wangu, niko hospitali. Ndege imeanguka."

"Ndege gani? Wewe kupanda ngazi tu unashikwa na kizunguzungu. Baba watoto, ni wewe kweli?"

"Nadhani ni mimi."

Asubuhi iliyofuata mkewe alimkuta ameketi kitandani, beseni la hospitali mapajani, akisugua damu kwenye koti kwa mkono mmoja. Hakumsalimu kwanza. Alishika upande wa pili, wakakamua pamoja.