Nyongeza ya Munyoki

Sokoni Voi, mama akishakupimia nyanya, huokota mbili tatu na kuzitupa juu ya fungu lako. Asipokuongezea, hurudi kwake tena. Munyoki aliichukua desturi hiyo akaipeleka kwenye upepo wa tairi. Kibanda chake cha pancha kiko pale barabara ya Taveta inapoachana na ile ya Mombasa, na mteja anayempenda hapimiwi tu akaachwa aende. Munyoki akishasoma geji, kipimo chake cha upepo, huitia mfukoni, akarudisha mpira wa kompresa kwenye valvu na kutia kidogo tena kwa kukisia, huku akigonga tairi kwa nyundo na kutega sikio. Hiyo ndiyo nyongeza yake. Lori lililobeba saruji haliwezi kulalamika kwa hilo, na miaka yote hakuna aliyelalamika.

Kwa hiyo ni rahisi kumcheka kwa yaliyompata, lakini na amcheke yule tu ambaye hajawahi kumharibia mwenzake kwa kumpenda.

Aliyempenda safari hii alikuwa Wakesho, mwalimu wa hesabu kutoka Sagalla. Munyoki alimjua tangu akiwa msichana wa kusukuma baiskeli yenye pancha kutoka mlimani. Sasa alikuwa na Starlet kuukuu ambayo yeye na kaka yake Derrick walikuwa wameing'oa kila kitu: viti vya nyuma, zulia, redio, hata vioo vya nyuma wakaweka plastiki. Gari lilikuwa jepesi hivi kwamba Munyoki alilisukuma kwa mkono mmoja akacheka. Wakesho alikuwa akilipeleka kwenye mashindano ya kuzunguka mapipa, katika kiwanja cha zamani cha ndege kwenye ranchi upande wa Ndara, ambako watu wa Nairobi na Mombasa huja na magari yao. Mamake hakuyapenda mambo hayo. Wanakijiji walisema mwalimu amepagawa. Munyoki peke yake ndiye aliyemwambia aendeshe, na Wakesho hakulisahau hilo.

Asubuhi ya mashindano alikuja kibandani gari likiwa na tairi zake laini za kukimbilia, zile zinazonata kwenye lami zikipata moto. Alizitia upepo mwenyewe kwa kompresa ya Munyoki: mbele ishirini na mbili, nyuma ishirini. Munyoki alipokunja uso, mwalimu alimweleza polepole kama anavyowaeleza wanafunzi wake. Gari halina uzito, kwa hiyo tairi haihitaji kushindiliwa. Tena ikikimbia inapata moto, na upepo ulio ndani unapanda wenyewe. Ukianza na mwingi, mwisho tairi inakuwa ngumu, inagusa lami kwa katikati tu na haishiki kona. Munyoki aliitikia kwa kichwa. Wakesho akaenda kwa Abby, jirani mwenye kibanda cha chai, kutafuta mahamri.

Munyoki akabaki na tairi zile. Zilikuwa zimebonyea chini kidogo, na kila aliyepita aliona kwamba gari lenye tairi zilizobonyea limesimama mbele ya fundi wa tairi. Makau, dereva wa lori ambaye ulimi wake haujui likizo, alipunguza mwendo akachungulia dirishani.

"Munyoki, siku hizi unauza upepo nusu?"

Maneno hayo yalimwingia. Basi, pindi lori lilipotoweka, alirudisha mpira kwenye valvu. Tairi ya kwanza, ya pili, zote nne. Hakutoa geji mfukoni, kwa sababu nyongeza haipimwi. Alimtilia mtoto wa watu upepo wa kutosha ili asiende kuaibika mbele ya watu wa Nairobi, akafunga vifuniko, na moyo wake ulikuwa mweupe kabisa. Wakesho aliporudi na mahamri, alimpa mawili.

Alimchukua pia kwenda kutazama. Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri kiasi, ingawa Wakesho alishuka akisema gari linateleza kidogo nyuma. Derrick akasema wapime upepo tena kabla ya mzunguko wa pili.

"Nilipima mwenyewe asubuhi," Wakesho alisema, "na Baba Mumbe ndiye aliyebaki na gari. Hakuna haja."

Watu wakamgeukia Munyoki, ambaye Wakesho humwita Baba Mumbe kwa jina la mwanawe, na kijana mmoja wa Nairobi akamsalimia kwa heshima kama fundi wa timu. Hapo ndipo Munyoki angesema. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini angeanzaje kusema mbele ya watu kwamba alifungua valvu za mtu bila ruhusa? Akajiambia kwamba upepo mwingi haujawahi kuua mtu, akatabasamu.

Mzunguko wa pili, kwenye kona ya mwisho, nyuma ya gari iliponyoka. Starlet iligonga pipa, ikatoka kwenye lami na kuingia kichakani. Wakesho alivunjika mfupa wa bega. Miiba ya migunga ilikuwa imetoboa tairi zote nne, na upepo wote ukawa umekwisha. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yenyewe ilikuwa imesimama pale na nyundo mfukoni.

Ingekuwa Wakesho amemlaumu, labda Munyoki angekubali upesi. Lakini mwalimu hakumlaumu yeyote. Derrick alipoleta tairi zizibwe, alimwambia kwamba dada yake ameamua kuuza gari. Anasema alikata kona vibaya. Anasema mamake alikuwa na haki, mikono yake si ya kuendesha, alikuwa akijidanganya tu. Kuna mtu wa Chala anayelitaka. Kisha Derrick akatoa salamu: dada anamshukuru sana Baba Mumbe, kwamba ndiye peke yake ambaye hakumcheka.

Munyoki aliziba pancha zile zote. Mkewe Kasyoka alimpeleka kuku Sagalla kwa niaba yake, halafu asali, na kila mara akarudi na shukrani ambazo zilimchoma Munyoki kuliko matusi. Nyongeza nayo ikamshinda. Wateja walianza kuondoka na upepo wa geji tu, wakajiuliza wamemkosea nini. Kasyoka alimtazama siku kadhaa, kisha akamwambia kwamba yule binti amelishwa kuku na asali za kutosha, ampelekee kile anachomficha.

Alipanda Sagalla kwa bodaboda Jumamosi asubuhi. Wakesho alikuwa uani akisahihisha madaftari kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa umefungwa kifuani. Alitaka kuinuka amtafutie kiti. Munyoki alimzuia, akasema yote akiwa bado amesimama: Makau, mpira, valvu nne, na kile kimya chake pale kiwanjani. Hicho cha mwisho ndicho kilichomtoa jasho.

Wakesho aliweka kalamu chini. Kisha akauliza swali ambalo Munyoki hakulitarajia.

"Ulitia ngapi?"

"Sikupima."

"Baba Mumbe, jaribu kukumbuka. Ngapi?"

"Sijui, mwalimu. Nyongeza huwa sipimi."

Hapo ndipo Wakesho alipokasirika, na hasira yake haikuwa na kelele. Alimwambia kwamba kama Munyoki aliongeza kidogo, basi kosa ni lake yeye Wakesho, na mikono yake ni ile ile mibovu. Kama aliongeza sana, basi hata bingwa angeanguka. Majuma yote haya amekuwa akiulilia mkono wake huu, na sasa mtu mmoja duniani anayejua jibu anamwambia hajui. Munyoki alishuka mlima kwa miguu, kwa sababu hakuwa na uso wa kumwita mwenye bodaboda.

Jumatatu, Derrick alileta gari kibandani, limepondeka ubavu. Wakesho alishuka taratibu, bila salamu ndefu. Alirekebisha upepo wa tairi zote nne kwa geji yake mpaka zikawa kama siku ile: mbele ishirini na mbili, nyuma ishirini. Kisha akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Niongezee kama siku ile," alisema. "Usifikirie. Fanya tu."

Munyoki alishika mpira. Alitaka sana kukosea upande wa kumfurahisha, na alitaka sana kukosea upande wa kujiokoa, akaogopa vyote viwili. Akafumba macho, akaiachia mikono ifanye ilivyozoea. Akatia upepo, akagonga, akasikiliza mpaka tairi ikalia ule mlio anaoupenda. Zote nne.

Wakesho aliinama akapima. Ya kwanza thelathini na sita. Akaenda ya pili, ya tatu, ya nne, na zote zilikuwa hapo hapo, kwa sababu mikono ya Munyoki haibahatishi hata inapokosea. Mwalimu aliketi juu ya tairi kuukuu ya lori, akaangalia mkono wake uliofungwa, akalia.

"Na hiyo ni kabla hazijapata moto," alimwambia Derrick. "Mpigie yule wa Chala. Mwambie hatuuzi."

Kisha akamgeukia Munyoki akampa geji. Hakusema amemsamehe, na Munyoki hakuthubutu kuuliza. Alimwambia tu autoe ule upepo wote aliouongeza, yeye mwenyewe, na asimame hapo mpaka zifike namba zake. Munyoki alichuchumaa akabonyeza valvu. Upepo ulitoka ukimpuliza vidoleni, na tairi zikaanza kubonyea tena mbele ya macho ya wapita njia.

Lori la Makau likapunguza mwendo. Makau akachungulia, akaziona tairi, akamuuliza Munyoki kama ameamua kufunga kazi.

"Endelea na safari yako," Munyoki alisema bila kuinua kichwa. "Ndivyo anavyotaka mwenyewe."