Biskuti Zilizokunjwa Kabla ya Mwaka Kwisha

Harufu ya anisi inapoungua kidogo kwenye siagi haipigi hodi. Ilikuwa ikipenya chini ya mlango wa jirani, ikakata ukumbi wa ghorofa yetu ya Al Jaddaf, ikaingia kwetu na kukaa kitako kama mkwe asiye na haya. Bibi yangu, mzaa mama, aliyekuja Dubai kutoka Unguja na pua yake kamili, hakuipenda hata siku moja. "Nani huyo anayetia bizari tamu kwenye sukari?" aliuliza kila mara, ingawa jibu alilijua. Kwake kitu kitamu kisicho na iliki kilikuwa dawa ya kikohozi. Mimi nilikuwa msichana mdogo mwenye mashavu ya kutosha watoto wawili, na wenzangu walipokuwa wakifukuzana na mpira kwenye maegesho ya magari, mimi nilikuwa jikoni kwa watu. Msinionee huruma, sijabadilika. Hata leo nikialikwa harusini huomba gari liharibike mapema, kabla sijavaa.

Jirani mwenyewe alikuwa Bi Renate, Mjerumani mrefu, mke wa fundi wa injini za meli. Alizungumza Kiswahili alichookota kwa Mama, akakiunga kwa Kiarabu cha sokoni, na palipopungua akajazia kwa mikono. Chuma chake cha kuokea kilikuwa sahani mbili nzito zilizoungwa kwa bawaba, zimechongwa maua ndani, na vipini virefu kama koleo la mhunzi. Unamimina kijiko cha rojo la mayai, unga na siagi, unafunga, unageuza juu ya moto wa gesi. Ukizubaa, umepata mkaa. Na biskuti hizo zilikuwa na sheria zake. Kabla ya mwaka kwisha huliwa zikiwa bapa, wazi kama kiganja, kwa sababu mwaka unaoondoka umekwisha kuonyesha yote uliyokuja nayo. Mwaka mpya ukiingia ndipo hukunjwa zingali moto, zikawa mrija, maana hakuna ajuaye kilichofichwa ndani. Bibi alicheka aliposikia. "Mwaka wao huo. Wetu una mwezi wake, na haukunjwi."

Msimu ninaousema ni ule wa baridi ambao Mama aliugua. Baridi ya Dubai si baridi ya kutisha, lakini yeye alivaa sweta la Baba na bado akatetemeka. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Kwetu uliletwa bila kuulizwa, pamoja na supu za majirani, mikate ya mchele ya Bibi na tende ambazo Baba alizinunua kila alipotoka kazini kwenye maghala ya mizigo, kana kwamba tende zilikuwa na ahadi naye. Dawa zilikuwa zimemharibia Mama ulimi. Kila chakula alisema kina ladha ya sarafu. Mikate ya Bibi ilirudi jikoni mizima, na Bibi akaifunika kitambaa polepole, kama mtu anayefunika mtoto. Kitu pekee kilichopita kooni kilikuwa biskuti za anisi. Basi Bi Renate akahamia jikoni kwetu na chuma chake, na Mama akatandikiwa godoro pale pale mlangoni, aisikie harufu. Bibi akaacha kuuliza nani anatia nini. Siku moja nilimkuta anaponda mbegu za anisi kwenye kinu chake cha iliki, na aliponiona akanikaripia, "Unatazama nini? Kamenye vitunguu!"

Alasiri moja ya Desemba, Mama alishika biskuti bapa, akaigeuza, akasema, "Shoga, nikunjie moja."

"Bado," akajibu Bi Renate bila kugeuka. "Januari."

"Januari mbali."

"Subira yavuta heri. Wewe umenifundisha."

Mama akacheka mpaka akakohoa. "Nilikufundisha uiseme, shoga, sikukufundisha unitese nayo. Yalla, kunja."

Bi Renate akageuka, akamtazama, na akamtazama sana. Huyu alikuwa mtu asiyevuka barabara tupu mpaka taa iwe kijani. Akafungua chuma, akang'oa biskuti ikifuka moshi, akaizungusha kwenye mpini wa mwiko kwa vidole vitupu, vikawa vyekundu, wala hakuvipuliza. Nikapiga makofi. Nilidhani tumeshinda, Mjerumani amevunja sheria kwa ajili yetu! Bibi akainuka, akasema anakwenda kuanua nguo. Siku hiyo hatukuwa tumefua.

Mama aliuweka ule mrija jichoni kama darubini, akanielekezea. Nikamuuliza anaona nini.

"Namwona binti mmoja mnene, anasubiri nimalize kutazama ale darubini yangu."

Akanipa. Nikaila. Ilikuwa tamu kuliko zote, na ndani hamkuwa na kitu.

Januari ilitufikia bila Mama. Siku ya hitima Bi Renate alikaa chini kati ya wanawake, mtandio umemteleza hauna pa kushika, na Bibi ndiye aliyemfunga vizuri, kisha wakashikana mikono bila lugha yoyote. Mkataba wa mumewe ulipokwisha walirudi kwao, kama wanavyoondoka watu wote wa mji huu. Ghorofa yetu ilivunjwa. Pamesimama jengo la vioo ambalo sina shughuli nalo. Siku hizi mashine za umeme zinawaka taa biskuti ikiiva, huna haja ya kunusa wala kuungua. Ninayo moja. Naoka vibaya, ila sigombani na mtu.

Nimeshampita Mama umri, na hilo bado linanishangaza, kama kumpita mwalimu barabarani. Alichokuwa akikitafuta ndani ya mrija ule mimi nimekiona, chote, na hakikuwa kikubwa. Ningemsimulia akiwa palepale kwenye godoro: kwamba mwaka ule Baba alijifunza kunisuka. Alinisuka upogo asubuhi baada ya asubuhi, ulimi nje kwa juhudi, nikaenda shule nimefanana na kapu lililokanyagwa, na shangazi alipotaka kunifumua, nilikimbia nikajifungia chooni.